Kuhusu mafuta yasiyo na kolesteroli

Dada, uliuliza kama mafuta ya mgando yaliyoandikwa kuwa hayana kolesteroli yanamfaa mama yako mwenye maradhi ya moyo. Maandishi hayo ni ya kweli, ila hayana maana kubwa, kwa sababu mafuta ya mimea kwa kawaida hayana kolesteroli ya kutajika, na sehemu kubwa ya ile iliyomo mwilini hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini. Linalostahili kutazamwa ni mafuta yaliyoshiba, yaani yale yanayoganda kwenye baridi: yakizidi, ini hupunguza vipokezi vinavyonasa chembe za LDL, yaani zile zinazobeba kolesteroli, katika damu, nazo hubaki zikizunguka hadi baadhi zipenye kuta za mishipa. Mafuta ya mawese, ambayo mara nyingi ndiyo msingi wa yale ya mgando, yana karibu asilimia 50 ya aina hiyo. Ndiyo maana asubuhi ya Julai hapa Nairobi kijiko hukwama mkebeni ilhali ya alizeti yanamiminika. Hata hivyo, usimchemshie sukuma wiki kwa maji matupu, kwani karotini yake, kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri zaidi ikiambatana na mafuta kidogo.