Kabla ya Kukubali Kazi Katika Mji Mwingine wa Marekani

Mtaalamu Mweusi anayepata barua ya ajira kutoka mji mwingine wa Marekani kwa kawaida huanza na hesabu ya mshahara: analipwa kiasi gani sasa, atalipwa kiasi gani huko, na kodi ya nyumba itameza sehemu gani ya nyongeza hiyo. Hesabu hiyo ni halali, lakini kwa uzoefu wangu haipaswi kuwa ya kwanza. Swali ninalomwuliza kila ndugu anayenitafuta kwa ushauri ni hili: kazi hiyo ikiisha baada ya mwaka mmoja, je, mji huo una uwezo wa kukupa nyingine ya hadhi ileile, au utalazimika kufungasha virago upya na kuwatoa watoto shuleni? Mimi ni mhandisi wa mifumo ya maji, mzaliwa wa Kenya, niliyeishi Minnesota kwa miaka mingi kabla ya kuhamia eneo la Atlanta pamoja na mume wangu, ambaye ni muuguzi, na watoto wetu.

Swali la kazi ya pili, yaani ile utakayoipata ya kwanza ikiisha, linamhusu kila mtu, ila Mweusi linambana zaidi, kwa kuwa nafasi nyingi za kitaaluma hujulikana kwa watu wanaofahamiana kabla hazijatangazwa popote. Katika ofisi niliyoiacha kaskazini nilikuwa mhandisi Mweusi pekee wa idara yangu. Wenzangu walikuwa watu wa heshima, na sina neno baya juu yao, lakini habari za nafasi zilizokuwa zikifunguka kwingine walizipeana kwenye nyumba zao za mapumziko kando ya maziwa na kwenye mechi za hoki ya barafu za watoto wao, mahali ambapo mimi sikuwapo na wala haikumpitia mtu yeyote akilini kunialika. Mtu wa namna hiyo akipunguzwa kazini hana wa kumpigia simu. Mji wenye wataalamu Weusi wengi, walio katika ngazi mbalimbali na katika kampuni nyingi, humpunguzia upweke huo kwa kiasi ambacho mshahara hauwezi kukifidia.

Kuna wenzetu kutoka Afrika Mashariki wanaoshikilia kwamba historia ya Wamarekani Weusi haiwahusu, kwa kuwa wao walikuja kwa ndege, wakiwa na shahada na visa. Sikubaliani nao hata kidogo. Mthamini wa nyumba, afisa wa mikopo na askari wa barabarani hawaulizi kama ulizaliwa Kisii au Alabama. Isitoshe, njia tunazozifuata zilifunguliwa na haohao: kati ya 1910 na 1970 Weusi wapatao milioni 6 waliondoka majimbo ya Kusini kwenda Chicago, Detroit, New York na Los Angeles, na kuanzia miaka ya 1970 mkondo ukaanza kugeuka, wajukuu wao wakarejea Atlanta, Houston, Dallas na Charlotte. Sisi tumejiunga na msafara huo ukiwa tayari njiani, na ni busara kujifunza kwa waliotutangulia wanahama kwenda wapi na kwa nini.

Atlanta inanisaidia kueleza kwa nini mji hufikia kuwa na kazi ya pili. Mwaka 1973 Maynard Jackson alichaguliwa kuwa meya, Mweusi wa kwanza kuushika wadhifa huo katika mji mkubwa wa Kusini, na kila meya aliyemfuata hadi leo amekuwa Mweusi. Ujenzi wa kituo kipya cha abiria cha uwanja wa ndege ulipofika mezani pake, alisimama kidete kwamba kampuni za Weusi na za makundi mengine yaliyobaguliwa zipewe fungu la haki katika mikataba, hata kama kazi ingechelewa. Kituo kilifunguliwa 1980, na uwanja huo sasa unabeba jina lake pamoja na la meya wa awali, William Hartsfield. Sera hiyo iliwakuza wakandarasi, wanasheria, wahasibu na wahandisi Weusi ambao nao waliajiri wengine. Ongeza vyuo vya Morehouse, Spelman na Clark Atlanta, vinavyotoa wahitimu Weusi kila mwaka, na utaelewa kwa nini katika mikutano ya kazi hapa sishangai tena kumkuta mkurugenzi Mweusi upande wa pili wa meza.

Hata hivyo, jina la mji linadanganya, na hapa ndipo ninapowasihi watu wafungue ramani. Mji wenyewe wa Atlanta una wakazi kama nusu milioni, ilhali eneo lake lote linazidi milioni 6. Wengi wanaosema wanahamia Atlanta kwa hakika wanahamia Cobb, Gwinnett, DeKalb, Clayton au Henry, na ni kaunti, wala si jina la mji, itakayoamua kodi ya nyumba unayoimiliki, shule za watoto na muda utakaoupoteza barabarani. Ofisi nyingi za kampuni kubwa ziko kaskazini, kuelekea Sandy Springs na Alpharetta; mitaa ambayo familia ya Weusi wa kipato cha kati inaweza kununua nyumba ya nafasi bila kujinyonga kwa mkopo, na kuishi na majirani wanaofanana nayo, mingi iko kusini na kusini-mashariki. Matokeo yake ni kwamba maelfu ya watu hukata eneo zima kutoka upande mmoja hadi mwingine asubuhi na jioni, kwenye foleni ambayo mgeni haiamini mpaka aingie ndani yake. Na usitegemee treni. Mfumo wa treni na mabasi wa MARTA ulipopangwa katika miaka ya 1960 na 1970, kaunti za Cobb na Gwinnett zilikataa kujiunga, na hofu ya wakazi Wazungu kuwaona Weusi wa mjini wakifika vitongojini kwao ilikuwa sehemu kubwa ya sababu. Clayton ilijiunga kwa kura ya 2014 tu. Wakenya wengi wanaoishi Marietta, ndani ya Cobb, hadi leo hawana treni, kwa hiyo familia yenye watu wawili wanaofanya kazi iweke katika bajeti magari mawili na bima zake.

Ukienda kuutazama mji, nenda siku za kazi. Mwenyeji wako atataka kukupeleka kanisani Jumapili na kwenye nyama choma Jumamosi, na ni jambo jema, lakini Jumatatu ondoka saa moja asubuhi kutoka mtaa unaoufikiria mpaka ofisi utakayofanyia kazi, kisha keti katika mkahawa ulio karibu na ofisi hizo wakati wa chakula cha mchana na utazame ni nani wamevaa vitambulisho vya kazi shingoni na ni nani wanaopangusa meza. Miji kadhaa yenye Weusi wengi mitaani ina Weusi wachache sana katika majengo ya ofisi, na hakuna tovuti ya ajira itakayokueleza hilo. Tafuta pia tawi la chama cha taaluma yako: NSBE kwa wahandisi Weusi, NABA kwa wahasibu. Mkutano wa jioni moja katika tawi kama hilo ulinionyesha mengi kuliko mahojiano yote niliyofanyiwa, kwa sababu watu walinitajia waziwazi kampuni zinazowaajiri Weusi kwa fahari na kisha kuwaacha katika ngazi ileile.

Orodha za miji bora ya kuishi nazo zisomwe kwa tahadhari, maana zinatoa wastani, na wastani huficha. Minneapolis na majirani zake hupata alama za juu katika shule, afya na usafi, na sisi tulinufaika na mengi ya hayo. Lakini ni Minnesota hiyohiyo ambako zaidi ya theluthi mbili za familia za Wazungu zinamiliki nyumba ilhali za Weusi hazifiki theluthi moja, na ni Minneapolis hiyohiyo ambako askari alimwua George Floyd mwezi Mei 2020. Charlotte inavuta wataalamu wa fedha kwa kuwa Bank of America ina makao yake makuu pale. Lakini utafiti wa mwanauchumi Raj Chetty na wenzake uliotolewa 2014 uliiweka Charlotte ya mwisho kati ya maeneo makubwa 50 ya Marekani katika uwezekano wa mtoto wa familia maskini kupanda hadi tabaka la juu. Wewe hutafika maskini, utaniambia. Ni kweli, lakini mji unaowabana watoto wa wengine umegawanyika kwa namna fulani, na wanao watasoma katika upande mmoja wa mgawanyiko huo.

Kaunti ya Prince George's, Maryland, pembeni mwa Washington, ni miongoni mwa kaunti tajiri zaidi kati ya zile zenye Weusi wengi, na kwa familia iliyochoka kuwa pekee mtaani ni mahali pa kupumua. Udhaifu wake ni kwamba uchumi wake umeegemea mwajiri mmoja, yaani serikali ya shirikisho, pamoja na makampuni yanayoihudumia. Shughuli za serikali ziliposimama kwa siku 35 kati ya Desemba 2018 na Januari 2019, nyumba nyingi zilikosa mshahara wa baba na wa mama kwa wakati mmoja. Houston kwa upande wake ina hospitali, mafuta, bandari na uhandisi wa kila aina, na Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo. Fedha hizo hurudishwa kwa mlango mwingine, kwa kuwa kodi ya nyumba unayoimiliki ni kubwa, na baada ya kimbunga Harvey cha 2017 hakuna mtu anayepaswa kutia sahihi kule bila kuisoma ramani ya mafuriko ya mtaa husika. Seattle na Portland zinalipa vizuri. Huko kazi ya pili ipo, lakini jamii ya Weusi ni ndogo, na mitaa yake ya asili imepandishwa bei hadi wenyewe wakahama.

Kuhusu nyumba, ninashauri kupanga kwa mwaka wa kwanza, hata kama una akiba ya kununua. Utafiti wa 2021 wa Freddie Mac, kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa mabenki, uligundua kwamba katika mitaa ya Weusi asilimia 12.5 ya nyumba zilithaminiwa chini ya bei iliyokubaliwa na mnunuzi, ikilinganishwa na asilimia 7.4 katika mitaa ya Wazungu. Tofauti hiyo humwumiza muuzaji, lakini mnunuzi wa leo ndiye muuzaji wa kesho, hasa yule ambaye kazi yake ikiisha atalazimika kuuza haraka. Mwaka wa kupanga unakupa nafasi ya kujifunza mitaa kwa miguu yako, bila kushauriwa na wakala anayelipwa ukinunua.

Mwenzi wako asiwe mzigo unaosafirishwa na kazi yako. Leseni yangu ya uhandisi niliiomba upya katika jimbo jipya kwa kutumia rekodi ya NCEES, baraza la bodi zinazotoa leseni za wahandisi, na haikunisumbua sana. Ya mume wangu ilikuwa na hatua zaidi: Georgia imo katika mkataba wa majimbo yanayotambua leseni moja ya uuguzi, lakini Minnesota haimo, kwa hiyo ilibidi aombe leseni mpya na kusubiri, na kwa kipindi hicho tuliishi kwa mshahara mmoja. Yeyote aliyeolewa na mwalimu, mwanasheria au mfamasia aulize jambo hili kabla ya kupanga tarehe. Na kama mnatarajia mtoto, chagueni hospitali kabla ya kuchagua nyumba. Takwimu za kitaifa za 2021 zilionyesha vifo 69.9 vya wajawazito na wanawake waliotoka kujifungua kwa kila watoto hai 100,000 kwa wanawake Weusi, na 26.6 kwa Wazungu, na elimu ya juu haimwondoi mwanamke Mweusi katika hatari hiyo. Wanawake wa kanisani na wa chama cha akina mama watakutajia daktari anayesikiliza.

Katika mahojiano, omba kuzungumza na mtu Mweusi aliye ngazi mbili juu yako. Kama hayupo, uliza ni nani aliyewahi kuwapo na kwa nini aliondoka. Jibu litakuwa la manufaa hata likiwa ni kigugumizi. Kisha soma mkataba kwa makini. Kampuni nyingi hugharimia kuhama kwa sharti kwamba ukiondoka kabla ya mwaka mmoja au miwili utarudisha fedha hizo, nawe unapaswa kuomba iandikwe kwamba sharti hilo halitumiki ukiachishwa kazi na wao. Tangu 2018 fedha hizo huhesabiwa kuwa mapato na hutozwa kodi, kwa hiyo omba waongeze kiasi cha kuifidia kodi hiyo. Wanaofanya kazi kwa visa ya H-1B, ile ya wataalamu wa kigeni walioombewa na mwajiri, wakumbuke kwamba kuhamia eneo jingine la kazi, hata kwa mwajiri yuleyule, kwa kawaida humtaka mwajiri awasilishe ombi lililorekebishwa kabla hujaanza kazi huko, na kwamba asiye raia anatakiwa kuwajulisha uhamiaji anwani yake mpya ndani ya siku 10. Nimeona makaratasi ya mtu yakikwama kwa sababu ya fomu hiyo ndogo ya anwani.

Tarehe ya kuhama ipangwe kwa kalenda ya shule ya mji mpya. Minnesota shule nyingi hufunguliwa Septemba, lakini katika vitongoji vya Atlanta masomo huanza mwanzoni mwa Agosti, na familia inayowasili mwishoni mwa mwezi huo, ikidhani imewahi, hukuta madarasa yamekwisha kupangwa. Mwombe mwajiri tarehe ya kuanza kazi mwezi Julai. Hilo hutolewa kwa urahisi kuliko nyongeza ya mshahara.