Sindano Zimekwisha, Kliniki Haijaisha

Dada mmoja wa Makorora ameniandikia wiki hii. Mwanawe ana miezi 9, ameshachanjwa surua na rubela, kanenepa. Aende tena kliniki kufanya nini? Swali hilo nimelisikia sana nyumbani kwetu, na mengine yaliyosemwa pamoja nalo yaliniuma.

Mke wangu akiwa kwenye biashara yake soko la Mgandini, mimi ndiye niliyempeleka binti yetu kupimwa uzito. Kina mama walinipisha kwenye benchi. Wanaume wenzangu ndio walionisema: kalishwa limbwata huyu. Mjomba wangu alilitamka mbele ya wageni, na mpaka leo hajaniomba radhi.

Haya sikilizeni. Binti alipokuwa na miezi 10 alikuwa na mashavu, anacheka, anacheza. Nesi akampima, akatia nukta kwenye kadi, akanionyesha: mstari wake umelala, na mstari wa mtoto hutakiwa kupanda. Hakuwa amepungua, ila hakuongezeka. Kwa macho nisingelijua hilo abadani. Akauliza anakula nini, mara ngapi, nani anamlisha, anacheza na nani, akiitwa anaitika? Ikabainika mchana anapewa uji mwepesi wa mahindi mtupu. Tukaelekezwa uwe mzito, utiwe karanga za kusaga au dagaa wa kutwanga, na tui. Ale mara nyingi zaidi, na aendelee kunyonya. Mstari ukapanda. Leo yuko darasa la awali, na mwalimu humsimamisha awaongoze wenzake kuhesabu. Najivunia, wala sifichi.

Ndugu zangu, baina ya surua ya miezi 9 na ile ya pili ya miezi 18 ndipo wengi hupotea kliniki. Na huo ndio wakati mtoto anajifunza kusimama, anatamka maneno ya mwanzo, na ziwa peke yake halimtoshi. Kuanzia miezi 6 anastahili matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6, na akitimiza mwaka, dawa ya minyoo. Na kupimwa uzito hakukomi mpaka miaka 5.

Dada, mpeleke mwezi huu. Usiondoke kabla hujaonyeshwa nukta mpya imekaa wapi. Mweleze nesi kila linalokutia shaka: hageuki ukimwita, hajaweza kukaa mwenyewe, mkono mmoja hautumii. Usingoje uulizwe. Na baba yake aende, baraza haikimbii. Kadi ile naye ajue kuisoma.