Msiuonee huruma mforosadi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ukiwa na nafasi ya mti mmoja tu nyumbani, utapanda upi? Mimi nitapanda mforosadi, na mkasi wa kupogolea nitautafuta siku hiyohiyo.

Wangu niliudekeza miaka mitatu. Sikuthubutu kuugusa. Ukarefuka, majani yakashonana, na forosadi chache zilizotoka zilikuwa kileleni, wakazimaliza ndege. Kisha upepo ukavunja tawi moja kubwa, nami nikalikata vizuri pale lilipochanika. Wiki chache baadaye kisiki kile kilikuwa kimejaa machipukizi, na kwenye kwapa la karibu kila jani jipya palikuwa na kitunda cha kijani chenye vinywele. Mti mzima ulikuwa ukinionyesha jambo ambalo sikuwa nimeliona: mforosadi huzaa kwenye matawi machanga. Tawi kuukuu kazi yake ni kubeba tu.

Tangu hapo, kila mavuno yakiisha naurudisha chini mpaka mkono unafika kila mahali. Penye joto mwaka mzima, ukiukata na kuupukutisha majani huweza kuzaa tena mwaka huohuo. Penye majira ya baridi kali, subirini udondoshe majani wenyewe, kwa sababu ukikatwa ukiwa macho hutoa utomvu mwingi.

Kuuotesha si kazi. Kata kijiti kilichokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 hivi, chenye macho matatu au manne. Kichomeke kwenye udongo wenye unyevu, theluthi mbili ziwe chini, macho yakitazama juu. Lakini kikateni kwenye mti ambao matunda yake mmeyala, kwa maana iko miforosadi yenye maua ya kiume matupu, na hiyo itawapa kivuli tu.

Halafu subira. Kijiti huchipua majani kwa akiba iliyomo ndani yake hata kabla hakijapata mzizi mmoja. Wengi huyaona majani hayo, wakakihamisha, kikafa. Nami nilipoteza viwili hivyohivyo, na viliniuma. Ngojeni miezi miwili au zaidi. Mizizi ikiwa tayari mtaitambua kwa rangi yake ya manjano iliyokolea, karibu na chungwa.

Jua la kutosha, samadi iliyooza, maji mwaka wa kwanza; baada ya hapo unajitegemea. Upandeni mita tano au zaidi kutoka kwenye kuta na mabomba, na mbali kabisa na kamba ya nguo.

Kuhusu kuchuma, msikubali kudanganywa na rangi nyekundu; hiyo bado ni chachu. Ile aina nyeusi huwa tayari inapokuwa nyeusi tii na kuachia ukiigusa tu. Haziivi zote pamoja, kwa hiyo mtazunguka mti kila asubuhi kwa wiki kadhaa, na mlichochuma kiliwe siku hiyo au kesho yake, maana ngozi yake ni laini mno. Nadhani ndiyo sababu forosadi mbichi huonekana kwa nadra sokoni, na ndiyo sababu mti huu unafaa kuwa hatua chache kutoka mlangoni.

Vidole vikishapakaa zambarau, chukueni forosadi ambayo haijaiva, ipondeni, mjisugue nayo, kisha mnawe. Wanangu huweka moja mfukoni kabla hawajapanda mtini.