Barua kwa mwanangu: je, ni kweli ulimwengu unaongeza kasi?

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza iwapo ni lazima tukubali kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka, au yapo maelezo mengine yenye mashiko. Yapo, na moja nimelifikiria sana.

Kwanza tenga kilichopimwa na kilichohitimishwa. Mwaka 1998 makundi mawili ya wanaastronomia, la Saul Perlmutter na la Brian Schmidt na Adam Riess, yalitangaza kwamba supanova za mbali za aina ya Ia, milipuko ya nyota ambayo mng'ao wake hukadirika vizuri, zilionekana hafifu kuliko ilivyotarajiwa. Uhafifu huo ndio uliopimwa. Ongezeko la kasi lilipatikana kwa hesabu inayochukulia kwamba uhafifu huo unatokana na umbali mkubwa zaidi na kwamba maada imesambaa sawasawa, na ili hesabu hiyo ikubali ilibidi kuingiza nishati ya giza, yaani kitu kinachosukuma utanukaji uzidi kuongeza kasi, ambayo sasa inakadiriwa kuwa karibu asilimia 70 ya vyote vilivyomo, ingawa hakuna ajuaye ni kitu gani.

Mwanafizikia David Wiltshire wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, alianza kuipinga hesabu hiyo mwaka 2007. Galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota kama hili letu, zimejipanga katika kuta na nyuzi zinazozunguka mapengo makubwa yaliyo karibu matupu. Na kwa kuwa, kama alivyoonyesha Einstein, saa huenda polepole zaidi penye kani kubwa ya mvutano, saa ya ndani ya galaksi na saa ya ndani ya pengo, kwa hesabu ya Wiltshire, zimekwisha kuachana kwa mabilioni ya miaka. Kadiri mapengo yanavyozidi kutawala nafasi, sisi tunaopima kwa saa ya huku tunaona kasi kana kwamba inaongezeka, ilhali haiongezeki. Desemba 2024 yeye na wenzake walichapisha uchambuzi wa supanova zaidi ya 1,500 ulioipa nguvu hoja hiyo.

Mwanafizikia Fulvio Melia wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, naye anatetea ulimwengu unaotanuka kwa mwendo usiobadilika. Huo haunishawishi, kwani unadai uwiano maalumu wa shinikizo na nishati katika nyakati zote.

Hata hivyo, mwanangu, supanova si shahidi pekee. Mnururisho wa masalia ya ulimwengu mchanga, uliopimwa na setilaiti ya Planck, pamoja na mpangilio wa galaksi angani, vinaafikiana na nishati ya giza, na wataalamu wengi wanaona kwamba athari ya mapengo ni ndogo mno kuweza kuchukua nafasi yake. Kwa hiyo bado naegemea upande wa ongezeko la kasi, lakini kwa sharti: darubini ya Euclid, iliyorushwa Julai 2023, inachora ramani ya galaksi kwa upana unaoweza kuzitenganisha modeli hizi, na takwimu zake zikimwunga mkono Wiltshire, nitamfuata bila kusita.

Mama yako akupendaye