Mwamba mzuri usiosimamika

Ndugu, umeuliza kwa nini wenzako wa mchezo wa vita vya vijisanamu vya mezani wanausifu mlima uliouchonga, wanaupiga picha, halafu wakianza kucheza wanakuomba uuondoe mezani. Yalinikuta hayo hapa Kisumu, kwa sababu ya Kit Mikayi.

Nilitoka kuitazama ile miamba iliyobebana kando ya njia ya Bondo, nikaitaka katikati ya meza yangu ya futi 6 kwa 4. Nikachonga wiki tatu, kila jiwe mviringo kama lilivyo kule. Siku ya mchezo, askari wa chuma wa rafiki yangu aliwekwa juu, akateleza, mkuki ukavunjika. Askari yule alikuwa amepakwa rangi kwa jioni nne. Niliumia kuliko mwenyewe.

Tangu siku hiyo naanza na kitako cha kijisanamu, yaani kile kisahani anachosimamia askari. Vijisanamu vyetu vya milimita 28 vingi vina vitako vya duara vya milimita 25 au 32, kwa hiyo kila ngazi ya mlima naipa upana wa milimita 40 na naisawazisha kwa msasa hadi kitako kitulie bila kushikiliwa. Urembo wote naupeleka ubavuni, kwenye kuta zilizosimama: nyufa, kivuli, kuvu. Mchezaji akiketi, macho yake yanakutana na ubavu huo, hayaoni kwamba juu ni bapa. Mwamba wangu wa pili ni mawe matatu yenye vilele vilivyokatwa, na bado mtu wa Seme, kule iliko Kit Mikayi, akiuona anaujua.

Nachonga lile povu jeupe linalokuja kwenye katoni za televisheni. Usilipulizie povu hilo rangi ya kopo kabla hujalifunika! Kiyeyusho kilichomo hulila povu, likabaki na mashimo. Kwanza lipake gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na mchanga laini uliochekechwa na rangi ya maji, liache likauke kabisa. Kisha rangi nyeusi, kijivu, na mwisho brashi iliyo karibu kukauka ipite kwenye kingo tu. Chini gandisha plaiwudi, maana kadibodi ikinyonya gundi hujikunja na mlima unayumba.

Msitu ndio wengi wanaokosea. Miti iliyogandishwa huzuia mkono, na mkono usipopita, kikosi hakiingii. Mimi nakata kipande chembamba chenye umbo la msitu, nakipaka rangi ya majani, miti naisimamisha juu yake bila gundi. Kikosi kikiingia, miti inaondolewa, mpaka wa msitu unabaki pale pale, hamna ubishi nani yuko ndani. Mafunjo ya ziwani nayatengeneza vivyo hivyo, kwa nyuzi za ufagio.

Kisha inama, weka jicho usawa wa meza upande mmoja. Ukiona moja kwa moja hadi upande wa pili, wapiga mishale watamaliza vita kabla wenye mapanga hawajapiga hatua tatu. Sogeza kitu kirefu katikati, si pembeni ambako watu hupenda kupanga vitu vizuri.

Mlima wako usiutupe. Kata vilele kwa wembe mrefu, pima kwa kitako kikubwa kuliko vyote mlivyonavyo, kisha paka upya sehemu zilizokatwa tu.