Maswali ya Wasomaji: Hita inapiga shoti

SWALI: Nikigusa bomba la maji moto napigwa shoti kidogo, ingawa hita inachemsha vizuri. Niunge ethi (waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini) kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme)?

JIBU: Usithubutu! Nyutro ikikatika, tangi zima litabeba umeme. Zima swichi kuu, kisha pima kuhakikisha hakuna umeme. Kwangua rangi na kutu kwenye boliti ya ethi ya tangi mpaka chuma king'ae, ufungie hapo waya wa kijani na njano kwa washa ya meno (pete ya chuma yenye meno). Kati ya tangi na ethi ya soketi, mita ya kupima ukinzani isisome zaidi ya omu 1.

Ila ethi haiponyi koili (kifaa cha ndani kinachochemsha maji). Huenda ganda lake limepasuka na linavujisha umeme. Chomoa nyaya zake, fundi aipime kwa kipimo cha insulesheni (uwezo wa kuzuia umeme usivuje) cha volti 500. Ikisoma chini ya megaomu 1, ibadilishe. Aongeze na kikata umeme cha miliampia 30, kinachozima umeme unapovuja.