Mionzi baada ya upasuaji wa titi: wiki tano nilizopoteza bila sababu

Zilipita wiki tisa kati ya dripu yangu ya mwisho ya kemo (dawa za kuua seli za saratani) na siku niliyolala kwa mara ya kwanza chini ya mashine ya mionzi, ilhali daktari alikuwa amenipangia wiki nne. Sikuugua katikati, wala sikukosa nauli; wiki tano zilipotelea katika mambo madogo ambayo, laiti ningeyajua mapema, ningeyashughulikia tangu nyuzi za kidonda zilipotolewa. Naandika hasa kwa ajili ya akina dada wa mikoani ambao, kama mimi niliyetoka Iringa, hufanyiwa upasuaji katika hospitali moja kisha husafiri kilomita zipatazo 500 kufuata mionzi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Ieleweke kwanza kwamba kungoja kwenyewe si kosa. Kidonda hufunga kwa seli mpya kuzaliana, na mionzi huzuia uzalianaji huohuo, kwa hiyo kovu lisilopona au lililojikusanyia maji chini yake huachwa kwanza litulie. Kwa mgonjwa asiyehitaji kemo, mionzi kwa kawaida huanza kati ya wiki ya 4 na ya 8 baada ya upasuaji, na madaktari wengi hawapendi ivuke wiki ya 12, kwa kuwa seli za saratani zilizosalia, kama zipo, hazingoji. Anayehitaji kemo baada ya upasuaji huanza nayo, kwa sababu kemo huzunguka mwili mzima ilhali mionzi hushughulikia sehemu moja tu. Kisha hupumzishwa wiki kadhaa, mara nyingi 3 hadi 6, ili damu na ngozi zirudi katika hali yake. Dripu zangu 8, moja kila baada ya siku 21, zilichukua karibu miezi 5, na miezi hiyo haikuwa ucheleweshaji. Hesabu yangu ya mionzi ilianza siku ya dripu ya mwisho.

Wifi yangu aliniuliza, "Titi lenyewe limeshaondolewa, hiyo mionzi inakwenda kuchoma nini?" Swali lake halikuwa la kipuuzi, kwani si kila aliyeondolewa titi lote huhitaji mionzi. Huhitajika hasa uvimbe ukiwa umezidi sentimita 5, au tezi za kwapani zikikutwa na saratani, na zangu zilikutwa 5. Aliyeondolewa uvimbe tu na kubakiziwa titi, yeye hupewa karibu kila mara: uchambuzi uliotolewa mwaka 2011, uliojumuisha wanawake 10,801 wa aina hiyo, ulionyesha kwamba mionzi ilishusha uwezekano wa saratani kurudi ndani ya miaka 10 kutoka asilimia 35 hadi asilimia 19.

Sasa, ukubwa wa uvimbe na idadi ya tezi hujulikana kwa uhakika kwa majibu ya patholojia peke yake, yaani uchunguzi wa maabara wa nyama iliyotolewa, na hapo ndipo nilipopoteza wiki mbili za kwanza. Nilifika Dar es Salaam na barua ya rufaa iliyoandikwa "saratani ya titi, ameshafanyiwa upasuaji", basi. Majibu yenyewe yalikuwa yamebaki kwenye faili kule nilikopasuliwa, na faili halikuonekana hadi mdogo wangu aliposhinda mapokezi siku tatu akilifuatilia. Omba nakala yako siku majibu yanapotoka, uitunze pamoja na kadi ya kliniki, hata kama unaambiwa kwamba hospitali zitawasiliana zenyewe.

Lililoniuma zaidi ni bega. Siku ya kupigwa picha za kupangia mionzi, mgonjwa hulala chali na mkono wa upande uliopasuliwa ukiwa umeinuliwa juu ya kichwa, na hukaa hivyo bila kutikisika. Mkao huohuo ndio hurudiwa kila siku ya tiba. Mkono wangu uliishia usawa wa sikio. Miezi yote ya kemo nilikuwa nimeubana kifuani kama mtoto mgonjwa, nikiogopa kovu lisifumuke, na hapakuwa na mtu aliyenikosoa, kwa sababu nyumbani kila mmoja alinipokonya hata kikombe. Nikarudishwa kwa mtaalamu wa mazoezi kwa wiki mbili. Zoezi lenyewe ni jepesi hata kulitaja ni aibu: unasimama mbele ya ukuta na kuutambaa kwa vidole, kila siku juu kidogo kuliko jana. Mwulize daktari wa upasuaji ni lini unaruhusiwa kuanza, na usiondoke wodini bila jibu.

Wiki ya mwisho ilikwenda kwenye mahesabu, kwani baada ya picha na vialama vya wino ngozini, wataalamu hupanga miale ipite wapi na iepuke wapi, na kwa sisi wa titi la kushoto moyo uko karibu. Kazi hiyo sikuwahi kutamani iharakishwe. Foleni ya kuifikia ndiyo inayopunguzika, iwapo rufaa itaandikwa ukiwa bado na dripu mbili au tatu mbele yako. Mimi niliomba baada ya kumaliza.

Tiba yenyewe ilikuwa dozi 15, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki 3. Nilikaa kwa shangazi Mbagala ili nisikose hata siku moja, maana siku zilizorukwa katikati nazo zina madhara yake.

Na kama wiki 12 zimeshakupita, usikae nyumbani ukidhani mlango umefungwa. Andika tarehe ya upasuaji, ya dripu ya mwisho na ya majibu ya patholojia kwenye karatasi moja, uende nayo kwa daktari wa saratani wiki hii, kwa sababu yeye ndiye mwenye kuamua kama mionzi bado ina faida kwako, na mara nyingi huwa bado inayo.